Ndala Mlangoni

Umeme ulikatika tungali na madebe mawili ya kubangua,
kwenye kibaraza cha ushirika, Mkunya,
wanawake sita na Chilumba mpima mizani,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
majivu kisahanini, ya kujipaka tusiungue.

Chilumba ndiye aliyeanza.
Akaleta zimwi lake: macho ya makaa,
kucha za mundu, mkia, pembe, moto puani.
Likameza ng'ombe, likameza zahanati,
usiku ungekuwa mrefu lingemeza na wilaya.
Tulicheka mpaka Bi Nantende akajikata kidole.
Alilipamba zimwi lile kama bibi harusi,
na bibi harusi, ukishamfunua,
ni yule yule binti wa jirani.

Nikakumbuka lipiko, siku za jando, nikiwa mdogo:
tulikimbia, tukajibana uvunguni,
hadi upepo ulipoinua nguo ya mchezaji
na kaka yangu akaliona goti, na kovu la mnyororo.
"Ah! Ni Nandonde, fundi baiskeli!"
Tangu hapo kinyago kikawa mti tu.

Ndipo Somoe akasema, bila kuinua macho,
kwa sauti ile ile anayotajia bei ya korosho:
"Mahuta kulikuwa na mama mmoja, ana watoto wanne.
Kila usiku kabla ya kufunga mlango
huhesabu ndala zao. Jozi nne.
Usiku mmoja akahesabu tano."

Akabangua korosho. Tak.
Akapuliza kile kigozi chekundu,
akaigeuzageuza kuona kama imetoka nzima.

"Akasema, labda mgeni. Akafunga.
Asubuhi ile jozi ya tano iko pale pale.
Imelowa."

Kimya.
Ilikuwa Novemba. Bomba lilikauka tangu Septemba,
ndoo moja ilifika shilingi elfu,
tukioga kwa kikombe,
maji ya kuoshea mchele tukimwekea mbuzi.
Nani, juu ya uwanda huu,
alipata maji ya kulowesha ndala?

"Ikawaje?" Chilumba akauliza,
na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto.
"Nisogezeeni majivu," akasema Somoe.
Basi. Ikawa hivyo tu.

Miaka imepita, bado naifungua hadithi ile
kama redio iliyokufa, natafuta waya uliokuwa ukiniunguza.
Waya siuoni. Ninachokiona ni hiki:
Chilumba alitupa zimwi zima, nasi tukamrudishia zima.
Somoe alitupa robo.
Robo tatu kila mmoja aliitoa kwake,
chini ya kitanda chake, nyuma ya mtungi wake,
na kilichotoka kwako
utamrudishia nani?

Usiku ule nilirudi kwa miguu, njia ya shuleni,
naimba kaswida niliyoisahau katikati,
kwa hiyo nikaimba nusu ile ile mara nane.
Mlangoni niliinama, nikawasha tochi ya simu.
Za mama. Za Mfaume.
Za mtoto, moja imekatika kigwe, imefungwa kwa waya.
Na zangu, bado ziko miguuni.
Nne. Sawasawa.
Nikazigusa moja moja. Kavu.
Nikacheka peke yangu, kicheko kifupi,
cha mtu aliyekanyaga kamba akidhani nyoka.

Nikasukuma mlango.
Na mama, kutoka kitandani, gizani,
mama ambaye hakuwapo kibarazani,
ambaye Mahuta hajafika wala Somoe hamjui,
akaniuliza taratibu,
kama anayeuliza kama nimekula:

"Leo ni ngapi?"