Siyui

Maktaba yangu haina kitabu hata kimoja.
Mama aliuliza mara mbili, akaacha:
"Maktaba ya nini basi, isiyo hata rafu?"
Ni faili kumi na tisa za Paithoni,
nimeziandika darini, nyumba ya Langoni,
punda wakilia chini, umeme ukienda na kurudi.
Kazi yake moja: kuyavisha majina ukaya
kabla daftari la zahanati halijavuka kwenda Mokowe.
Nambari ya simu, nyota. Kitambulisho, nyota.
Jina la mgonjwa nyota sita, liwe refu liwe fupi,
maana hata urefu wa jina husema.

Toleo la kwanza lilikuwa aibu.
Niliifundisha miji yetu, ikaiona kila mahali.
Penye "mgonjwa apate dawa"
ikaona Pate, ikaandika "mgonjwa a dawa".
Bibi mmoja, simtaji, aliulizwa ameanza kuumwa lini,
akajibu kwa Kiamu, "siyui".
Ikaona Siyu ndani ya neno, ikamfunika bibi wa watu,
ikabakisha i peke yake,
kama kidole cha mguu kilichochungulia shuka.
Nilicheka hadi machozi. Kisha nikakesha.

Mtu wa Tampere, nisiyemjua sura,
alileta mistari minne ya kutambua mpaka wa neno.
Mwingine, wa Recife, kaandika tu: "Imevunjika."
Imevunjika wapi? Hakusema.
Nilimjibu kwa adabu, saa nane za usiku,
kama anayefagia baraza ya jirani.
Hulipwi, huulizwi u hali gani,
ila siku majaribio yakianguka
utajulikana hadi ng'ambo.

Mwezi wa Rajabu, nesi Zuwena akanipa safu mia mbili
zilizokwisha kufichwa, nizipime.
Majina yote nyota. Nikajipongeza.
Safu ya mia na saba:
mwanamke, miaka sitini na mmoja, Langoni,
mshona kofia,
Jumanne, tarehe kumi na nne,
uvimbe, titi la kushoto.

Jumanne ile Mama alisema anakwenda kumpa pole shoga yake.
Alirudi na mikate ya mofa, ingali moto.

Nyota sita, na nyuma yake namwona amekaa,
miwani imeshuka puani, kofia gotini.
Langoni wako washona kofia wangapi wa umri ule?
Nimeficha jina, nimeacha mlango wazi.
Waliojenga nyumba hizi walijua:
ukipita mlango unakutana na ukuta,
tekani imepinda,
mpita njia haoni hata ncha ya mkeka.

Basi usiku ule niliandika tekani.
Umri: sitini na kitu. Mtaa: kisiwa, basi.
Kazi: futa.
Tarehe ziteleze, kila mgonjwa kwa kiasi chake,
wala mimi nisikijue.
Kwenye orodha ya mabadiliko nikaweka sentensi moja:
"Safu adimu zilikuwa zikitambulika. Imerekebishwa."
Zikitambulika na nani, sikuandika.

Asubuhi Mama akaniuliza mbona macho mekundu,
kitu gani kimenikesha.
Sindano yake ilikuwa imesimama.
"Siyui," nikamwambia.
Akanitazama kitambo.
"Haya, nitungie uzi," akasema,
"leo sioni tundu."