Kikopo

Kwa mkono huu huu uliochambua maharagwe alfajiri
nimeshika kikopo chenye kifuniko cha buluu,
nimekivika mfuko mweusi, na mfuko juu ya mfuko,
nami ni wa kumi na saba kwenye foleni ya zahanati.

Mbele yangu mchinjaji wa Burma, kifua kama mlango wa ghala.
Nyuma yangu kijana mpishi wa hoteli ya Westlands,
viatu vyake havijawahi kuonja tope la Kariobangi.
Wote tumeficha vikopo.
Wote tunasoma dari.
Ni siku moja hii Nairobi imetupanga sawa,
mwenye sahani ya bei ya kodi yangu
na mimi wa muthokoi wa shilingi hamsini,
kila mmoja na siri yake, imebandikwa jina.

"Syombua Mutisya!"
Anaita kwa sauti, kama anayenadi viazi.

Baada ya siku tatu nikapewa cheti.
Miezi sita mimi si hatari kwa mtu.
Nilikisoma mara mbili nione kama kimesema pia
kwamba muthokoi wangu ni mtamu.
Hakikusema.

Jumanne akaja Bi. Kerubo, afisa wa afya,
na daftari, na tochi, na pua.
Pua ndiyo iliyotangulia.
Akafunua sufuria, akanusa kama mama mkwe,
akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama kidole,
kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa:
"Maji yanatoka wapi?"

Kwenye mtungi.
Na ya mtungi?
Kwenye bomba la Otwori.
Na bomba la Otwori
linapita chini ya barabara ubavuni mwa bomba la maji taka,
kama ndugu waliokosana na bado wanalala kitanda kimoja.
Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakusema mkondo wa huku hufuata nini.

Mafundi wakaacha kutafuna, sahani mapajani.
Mmoja akaninong'oneza, "Mpe ya chai, mama, aende."
Nilikuwa na mia mbili chini ya kikapu cha vijiko.
Sitadanganya: mkono ulikwenda.

Ukakutana na Barasa.
Yule mdogo, msaidizi wa kuchomelea vyuma,
aliyekuwa akikwangua sahani hadi maua yake yatokee.
Mvua za Aprili zilimlaza kitanda chenye tundu,
ndoo chini yake, macho yamezama kama vidole kwenye unga.
Alikula kwangu. Alikula na kwa Njambi pia.
Hakuna aliyeuliza ilikuwa kwa nani.
Mimi pia sikuuliza.

Mkono ukarudi na kijiko.

Bi. Kerubo akaandika: ndoo yenye bomba, sabuni,
wavu wa nzi, kucha. Siku kumi na nne.
Nikamuuliza, "Na bomba la Otwori, lina cheti?
Lenyewe litapeleka kikopo lini?"
Akafunga daftari.
"Hilo si la ofisi yangu."
Akafungua tochi, akaizima, akaifungua tena mchana kweupe.
"Chemsha," akasema, haniangalii.
"Yakishatokota, hesabu mia ndipo uepue."

Halafu akaketi juu ya debe la rangi, akaagiza nusu.
Akatoa hamsini, akangoja chenji yake.

Leo leseni iko ukutani, ndani ya plastiki;
mvuke umepenya, jina langu limeanza kukunjamana.
Makaa ni ghali. Mia ni ndefu.
Mafundi wamepanga mstari na njaa zao,
mmoja anagonga sufuria kwa spana:
"Mama, bado?"

Bado.
Sitini na mbili.
Sitini na tatu.