Bisibisi Menoni

Baba alipoteza masikio polepole,
kama lori linavyopoteza oili:
tone hapa, tone pale, hadi siku moja
mama aliita chakula mara tatu
naye akaendelea kukaza nati.

Gereji yetu iko ng'ambo ya reli, Uvinza.
Mabati manne, gogo la kuning'inizia winchi, shimo moja
lililochimbwa kabla sijazaliwa.
Magari yanakuja na chumvi,
yanaondoka na chumvi,
hata yakiwa matupu yamebeba chumvi.
Inua zulia la kebini, ipo. Kwenye nyaya, ipo.
Kutu ya kwetu haisubiri masika.

Kwa kuwa hasikii, husikiliza kwa meno.
Bisibisi ndefu, ncha juu ya kava la tepeti,
mpini ameuuma, macho kayafumba,
na mimi niko kwenye usukani, nakanyaga taratibu.
Kidole kimoja: silinda ya kwanza, safi.
Viwili: safi.
Kidole cha nne kikichelewa kuinuka
najua nozeli ya nne inakojoa, hainyunyizi.
Sijawahi kumwona akikosea kusikia.
Alichokosea ni kitu kingine,
nacho ndicho ninachokiandika.

Scania ya Kilahumba, kichwa chekundu,
ilikuja mwaka juzi, mwezi wa saba.
Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango:
SPRINGI, MAJANI 2 KILA UPANDE.
Kisha akanigeukia: "Nataka mifuko arobaini zaidi."
Baba aliyatazama magurudumu. Akanitazama mimi.
Ada ya Gwimo ilikuwa haijalipwa.
Tukaongeza. Tukachomelea na mabano mapya,
moto wa bluu, chesisi ikalia,
nami nikaandika daftarini: kazi imekamilika.

Juzi imerudi. Dereva, Mihayo wa Kaliua, anasema
inavuta vizuri, haitoi moshi,
ila ikipanda kilima na mzigo inanung'unika.
Baba akauma bisibisi. Moja. Mbili. Tatu.
Vidole sita vikasimama bila kusita.
Injini ilikuwa nzima kuliko mwenye nayo.
Lakini hakuutoa mpini mdomoni.
Akashuka shimoni, ncha akaigusisha difu,
akaigusisha springi, akasogea shubiri kwa shubiri
kwenye boriti ya chesisi,
mpaka akaganda.
Akanyoosha mkono aombe nyundo.

Kutu ilidondoka vipande vipande, kama magome ya mninga.
Nyuma yake ufa, mwembamba, mweusi,
unywele uliosahaulika kwenye sabuni,
nao umeanzia palepale
kwenye mshono wa moto wetu.

Kilahumba alipiga kelele. Kwa baba kelele ni mdomo
unaofunguka na kufungwa.
"Kiziwi atasikia nini?" aliniuliza mimi.
Sikutafsiri.
Baba akachukua chaki, akauzungushia ufa duara,
na pembeni, kwa herufi zake za darasa la nne:
NI MKONO WANGU.
Kisha akaanza kufungua nati, bila kutaja bei.

Siku tatu.
Tumekata, tumebandika bamba kwa ribiti, si kwa moto,
majani yakashuka, mifuko arobaini ikashuka nayo.
Kilahumba aliondoka hajaaga.
Mihayo, kabla ya kukata kona, alipiga honi ndefu;
baba alikuwa bado ameegemeza kiganja kwenye trela,
akaitikia kwa kichwa.

Majani manne yamesimama ukutani.
Mhunzi wa Nguruka ameyataka kwa mapanga,
amepandisha bei mara mbili. Baba hauzi.
Kila asubuhi anayafuta vumbi kama picha ya ndugu.

Jana alinipa bisibisi mimi.
Nikaiuma, nikafumba macho,
nikasubiri injini iniambie jambo.
Kwanza iliniambia chumvi.