Maini

Mimi ndiye niliyeandika nane.
Gatini Mokowe, saa moja na robo asubuhi,
daftari la mistari, na kalamu iliyofungwa uzi
isije ikaenda na mtu.
Jaketi nane, basi abiria nane,
hesabu iliyonyooka kama kanzu ya Ijumaa.
Watatu walikuwa wamekwisha kaa nyuma, juu ya saruji,
na Shee Bwana, mwenye boti, alikwisha nipa mkono
uliokuwa na mia tatu ndani yake.
Mia kwa kichwa.

Hawakufika Kiunga.
Nje ya Kiwayu mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza,
na usiku boti ikalala ubavu.
Alfajiri meli ya watalii ikawaona:
ghorofa kumi na mbili, taa hadi juu,
kama jumba lililotoroka kulipa kodi.

Simu ikalia mezani kwangu.
Meli yauliza bandari, bandari yaniuliza mimi:
walikuwa wangapi?
Daftari lilikuwa wazi. Mofa niliyoinunua kwa ile pesa
ilikuwa imebaki nusu.
Nane, nikasema.

Wakahesabiwa kwenye sitaha kwa kidole chenye glavu:
nane. Imetimia.
Wakapewa mataulo, supu ya nyanya, slipa nyeupe.
Wageni wakaegemea ukingo na simu zao.
Mmoja alilia, nasikia, mzee wa watu,
akavua saa yake akampa Shee Bwana
aliyekuwa hajui aifanyie nini.
Ghorofa ya kumi watoto waliendelea kuogelea.
Meli ikaanza kugeuza pua kwenda Mombasa.

Zulekha Famau ndiye aliyekataa supu.
Tu kumi na mmoya! Watatu wasalie maini!
Akanyoosha vidole, vikawa vingi mno kwa wasiojua.
Ofisa akatikisa kichwa kwa upole, akamwongeza blanketi.
Akaitwa Chengo, mtoto wa Msabaha, mfagia vyumba, atafsiri,
naye, masikini, kwanza alisikia maini
yale ya jikoni, ya kukaangwa na vitunguu.
Maini gani, mama?
Zulekha akamshika kola, akamgeuza uso baharini.
Mai, mwanangu. Mai.

Kuna ngazi za zulia ambazo mfagiaji haruhusiwi kuzipanda.
Chengo alizipanda tatu tatu.

Meli ikarudi ilikotoka. Chakula cha mchana kikachelewa saa mbili
na hakuna aliyeuliza;
wote walikuwa upande mmoja, na darubini
walizokuja nazo kutazamia ndege.
Wawili wakaonekana, Lali na nduguye,
wamelikumbatia dumu la mafuta kama mama yao.
Wa tatu aliliachia saa ngapi, hawasemi.
Nami siwaulizi.

Ule mlima wa chuma, na uzito wake wote, uligeuka.
Mimi nilikuwa nchi kavu, kitini,
na ulimi hauna hata ratili.

Nilikwenda Ndau kuuliza jina.
Mama yake alinitilia kahawa, akanikalisha penye kivuli,
akadhani nimetumwa na serikali.
Abdulwahidi Shekuwe, akasema. Liandike lote,
watu hupenda kulikata.
Kahawa ikapoa mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo neno letu hili limeniganda.
Yuko maini: kule, nje ya Kiwayu, kusikopimika.
Yuko maini: hapa, chini ya mbavu, upande wa kulia,
na nikiinama kuandika huniuma.

Jana niliufungua ukurasa ule.
Uzi wa kalamu haukufika mstari wa kumi na moja.
Nikaukata.