Nilikuwapo

Daktari wa kliniki ya sukari, kijana wa juzi,
ananiuliza nani katika ukoo alikuwa nayo.
Hakuna. Bibi Nyanzala alikufa Ngudu
mwembamba kama mpini wa jembe.

Mimi hupima dagaa Mwaloni, Kirumba,
mwaka wa ishirini na mbili huu.
Najua mizani inapodanganya,
najua gunia lililonyunyiziwa maji usiku.
Mwili wangu ndio sikuujua.

Anachora nyuma ya kadi yangu:
duara, ndani yake duara, ndani yake nukta.
Huyu bibi yako. Huyu mama yako, bado mimba.
Na ndani ya mama, tayari, yai.
Nukta hii ni wewe.

Kumbe.
Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Mimi nilikuwapo, na langu lipo:
kumi na nne nukta mbili, asubuhi, kabla ya chai.

Nilikuwapo mtama ulipokauka ukiwa wa magoti,
bibi akachemsha ngozi ya kulalia, akanywa maji yake,
akatafuna michembe mitatu kutwa nzima.
Watu watatu, njaa moja, mdomo mmoja.

Herufi za ukoo hazikubadilika, anasema.
Ni alama tu, kama za penseli pembeni mwa daftari:
hapa ruka, hapa soma polepole,
hapa funga ghala, ficha ufunguo.
Mwili ukasoma, ukatii. Mpaka leo unatii.
Nakula maandazi mawili, nao unaweka akiba
ya kiangazi kilichokwisha kabla sijapewa jina.

Sina hasira na bibi.
Na maandazi, kidogo.
Nacheka; daktari hacheki.

Penseli si hufutika?
Anatazama dirishani. Ziwa liko kule chini, limepauka.
Nyingine, anasema. Zote, hatujui.
Jibu la mkweli. Hata mimi, ukiniuliza bei ya kesho,
nitakujibu hivyohivyo.

Jioni Kabula, binti yangu, anapita kizimbani,
mimba ya miezi mitano, kanga imepanda mbele.
Nampimia dagaa kilo moja,
naongeza konzi, naongeza nyingine,
mshale unapita alama yake.
Mlenda huu hapa. Karanga hizi.
Mama, zimezidi!

Shika.
Humo ndani mko wangapi, unajua?