Unga Kwenye Ngazi

Saa nane za usiku, Aurillac, mvua juu ya mapaa ya mawe.
Mimi Firmin nakanda, na Ludivine amelala juu yangu,
dari moja tu baina yetu, na mbao zake zina midomo.
Tii! Ubao wa tatu, ule wa karibu na dirisha.
Mkono unaniganda ndani ya donge.
Nani?

Wivu ni hamira. Hauombi nafasi.
Chembe moja, maji ya uvuguvugu, kitambaa cha kuufunika;
ukirudi, umekwisha kuumuka hadi ukingo wa bakuli.

Chembe yangu ilikuwa glavu.
Glavu ya kahawia, ya mkono wa kushoto, juu ya redieta.
"Ya mteja," akasema, huku akihesabu chenji.
Hakunitazama. Au alinitazama mno, sikumbuki;
nimeurudia wakati ule mara nyingi hata umechujuka.

Tangu hapo kila kitu nakitia mizani:
marashi ya Jumanne, kicheko chake kwa mtu wa posta,
mkate wa shayiri anaomfungia mwalimu Vauquelin
kwa karatasi mbili, ilhali wengine wote huwafungia kwa moja.
Kwa nini mbili?

Pafukapo moshi pana moto, husema watu.
Mimi ni mwokaji. Moshi naujua.
Hutoka hata tanuri likishazimwa.

Juzi nikachukua chekeche,
nikapepeta unga juu ya ngazi, vidato vyote kumi na vinne,
mwembamba kama pumzi kwenye kioo,
nikashuka kinyumenyume, nikafunga mlango,
nikarudi kwenye kazi yangu, masikio yakibaki nyuma.

Alfajiri, mikate ikilialia maganda yake kwa joto,
nikaenda na tochi.
Nyayo.
Za mwanamume. Kisigino cha kulia kimelika upande.
Zinapanda, zinafika mlangoni pake, zinakaa pale,
zinakaa sana, unga umekanyagika ukawa tope,
kisha zinashuka.
Moyo ukanidunda kwa furaha. Naam, furaha:
nimemshika!

Nikavua kiatu changu nipime tofauti.
Kikaingia kama kisu katika ala yake.

Mlango ukafunguka. Ludivine, shali mabegani,
akaitazama ngazi, akakitazama kiatu mkononi mwangu.
"Kila usiku nakusikia," akasema,
"unasimama hapo, unahema.
Mwanzoni nilidhani ni mwizi."

Akafunga.
Nikausikia ufunguo ukizunguka kitasani, mara mbili.

Kwa nini mbili?