Spea, Ndoano na Vikorombwezo Vingine

Opava, Februari, theluji imegeuka tope,
nami nimeketi mbele ya kijana aitwaye Radim,
kahawa ya bure mkononi,
naulizwa nataka kuwa nani.

Hakusema hivyo. Alisema, "Tuanze na injini."
Akanigeuzia kioo cha kompyuta,
gari likazunguka polepole kama bibi harusi
akaguliwaye na mashangazi.

Lita moja, silinda tatu, ya sokoni na kanisani.
Lita moja na nusu: "Hii haikohoi mlimani."
Dizeli ya lita mbili: hapo akashusha sauti
kama anayetaja deni la mtu.

Bohdan wangu alikuwa mtu wa dizeli.
Alisikiliza injini kama taarifa ya habari,
kichwa upande, kidole juu, nyamazeni.
Miaka ishirini na tatu, gari moja,
na siku ya kumzika likakataa kuwaka.
Tulikwenda kwa teksi.

Nikasema: ndogo. Silinda tatu zanitosha.
Mjane hana haraka.

Kisha daraja. Ziko tatu:
Uhuru, Upeo, Fahari.
Katika Uhuru huruhusiwi kuchagua viti.
Ukitaka kiti cha kuinuka, panda Upeo,
na ukipanda Upeo unapewa taa za miguuni, upende usipende.
Usukani wenye joto uko Fahari peke yake,
umefungwa pamoja na paa la kioo.
Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja;
vidole vyangu vinaijua baridi kwa jina.
Lakini paa la kioo la nini?
Mbingu ya Opava naijua. Ni kijivu.

"Na rangi?"
Kijivu ni bure. Nyekundu inalipiwa.

Nikauliza spea. Radim akacheka kwa adabu:
siku hizi wanaweka chupa ya gundi na pampu.
Spea ni kikorombwezo.
"Iweke," nikasema. "Gundi ni ya fundi viatu."

Tukaweka, tukatoa. Bei ikapanda kama homa.
Nilipofuta kamera ya nyuma,
kioo cha kuyeyusha barafu nacho kikaondoka.
"Vinakwenda pamoja," akasema Radim.
Kweli. Ukioa, umeoa na shemeji.

Mwisho kabisa, chini ya ukurasa,
kwa herufi za kutafutia miwani: ndoano ya trela.
Alikuwa ameshaipita.
"Rudi," nikasema.

Nyuma ya ghala letu limelala trela la Bohdan,
na mizinga kumi na minne haijasafiri tangu azikwe.
Kila Mei aliihamisha usiku, nyuki wamelala,
hadi mashamba ya manjano kule mpakani,
mimi kando yake, tochi mapajani,
nimekatazwa hata kupiga chafya.
Mwaka jana walibaki nyumbani, wakala kilichokuwepo.
Kama mimi.

"Uzito?" akauliza Radim.
Nikamtajia. Akabonyeza.
Mistari miwili ikawa myekundu:
ndoano imekubali, injini imekataa.
Akanitazama kama mtu aonaye mauzo yakimponyoka.

"Basi futa injini," nikasema.
"Anza na ndoano."

Tukaanza upya, safari hii kutoka nyuma.
Paa la kioo likaenda. Taa za miguuni zikaenda.
Usukani wenye joto (hapo nilinyamaza kidogo)
ukaenda; nitavaa glavu zake.
Spea ikabaki. Dizeli ikarudi,
na kijivu cha bure.

Majuma kumi na sita, akasema, akichapa fomu.
Nikahesabu. Manjano itakuwa imepukutika.
Haidhuru, iko miti kwenye forodha ya zamani
inayochelewa kuchanua.

Nikatia sahihi, kisha nikamuuliza
kama anajua kurudi kinyumenyume na trela.
Hajui. Mimi pia sijui.
Nina majuma kumi na sita
ya kumtafuta anayejua.